Nilivyofikisha WiFi chumba cha eda: repeater ilinishinda, access point ikaniokoa

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo.

Naandika kutoka Kalemie, hapa ng'ambo ya Kigoma, upande wa Kongo. Kiswahili changu kikipinda mahali mtanivumilia, sisi tunakipika na vyetu.

Hii si chai. Aliyezoea nyuzi zangu za mashine za boti anajua sina kipaji cha kutunga. Ingekuwa chai ningejipa nafasi nzuri zaidi humu ndani.

Kwanza niwashukuru wale mlionishauri, nilipouliza siku zile, "mkuu nunua repeater tu, chomeka ukutani, maisha yaendelee". Mungu anawaona.

Sasa twende.

Nyumba yetu ni ya zamani. Aliijenga babu yangu, mfanyabiashara wa ziwani, enzi ambazo watu walijenga ukuta kama wanamzuia tembo. Mbele kuna saluni, yaani sebule, ambako wageni wanaume hukaa. Kutoka saluni unaingia korido ndefu, vyumba huku na huku, mwisho wake ua wa wanawake na jiko.

Intaneti tunapata kwa kidishi cha setelaiti kilicho juu ya paa. Waya unashuka saluni, unaingia kwenye ruta iliyo ukutani juu ya rafu. Umeme wa mjini, ule wa mitambo ya Bendera, ukinuna, kuna betri na sola.

Saluni WiFi inakimbia. Korido inatembea. Chumba cha mwisho, hakuna kitu kabisa.

Miaka yote hilo halikuwa tatizo la mtu. Chumba cha mwisho kilikuwa cha magunia ya mchele na baiskeli mbovu. Nani anataka WiFi kwenye magunia?

Halafu vita vikafika kwa shangazi yangu, upande wa Uvira.

Shangazi Mwamvita ni dada wa marehemu baba yangu. Walikuja kwa boti ya mbao, yeye, mumewe Papa Hassani, na shemeji yake Papa Ramazani, kaka mkubwa wa huyo mumewe. Na majirani zao kadhaa, ambao mpaka leo wanalala saluni kwangu, na wakaribie sana.

Kijana wao, Saidi, hakuwa nao. Siku ya kukimbia alikuwa kazini upande mwingine wa mji, barabara ikafungwa katikati. Boti haikungoja.

Papa Hassani alifika Kalemie akiwa na presha juu. Hakukaa sana. Tulimzika hapa, kwenye makaburi yetu, kando ya babu.

Basi shangazi akaingia eda.

Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, na hajichanganyi na wanaume wasio maharimu wake. Mimi ni mtoto wa kaka yake, naingia chumbani kwake. Papa Ramazani, shemeji yake, haingii. Wanaume wa saluni ndiyo kabisa.

Tulitoa magunia na baiskeli, tukampa chumba cha mwisho, kwa sababu kiko karibu na ua na wanawake wenzake.

Na hapo ndipo WiFi ikageuka kuwa jambo la kuniumiza kichwa.

Saidi alikuwa hai. Tulijua kwa sababu simu ya marehemu baba yake ilikuwa inaita.

Simu ya Saidi mwenyewe ilichukuliwa njiani. Alikuwa akihamahama, akiomba simu za watu pale anapokuta WhatsApp inashika, na namba pekee aliyoikariri ilikuwa ya baba yake. Alituma sauti moja tu, fupi sana: "Niko muzima. Nitapiga." Baada ya hapo zikawa ni simu, mara namba hii, mara ile. Ukijaribu kurudisha, mwenye simu anakwambia yule kijana ameshaondoka.

Simu ya shangazi iliingia maji kwenye boti, ikafa. Na laini za kawaida kwetu data inashika barabarani, ndani ya kuta za babu hamna kitu.

Sasa hiyo simu ya marehemu ilikaa wapi? Saluni, juu ya rafu, chini ya ruta. Kwetu mali ya marehemu huwa chini ya mkubwa wa ukoo mpaka mirathi igawanywe, hata kama ni saa mbovu. Papa Ramazani ndiye mkubwa. Na hata angetaka kuitoa, network ilikuwa pale.

Mnaona tatizo? Mama yuko mwisho wa korido, simu iko mwanzo, na yule anayepiga hajui kwamba baba yake amekufa.

Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Mara ya kwanza ilipoita wanaume wote saluni waligeukia rafu. Papa Ramazani aliishika, akaiangalia, hakupokea. Ikaita mpaka ikachoka.

Nikamuuliza kwa nini.

"Nitamuambia nini? Ataniuliza baba yake. Yuko peke yake njiani, katikati ya bunduki. Habari kama hii inaangusha muntu."

"Basi umuambie tu kwamba tuko wazima."

"Nitasema baba yake iko analala. Akifika, tutamukalisha, tutamuambia vizuri."

Nikaenda kumwambia shangazi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, shuka jeupe mpaka kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kamuambie shemeji," akasema, "mutoto wangu asidanganywe. Na asiambiwe na muntu mwingine. Mimi njo nitamuambia."

Nikarudi saluni na ujumbe. Papa Ramazani akanipa mwingine niurudishe. Nikawa posta, wakuu. Nakwenda, narudi. Hakuna aliyepaza sauti, na hakuna aliyelegeza hata kidogo.

Mimi roho yangu ilikuwa kwa shangazi, ila kusema kweli hata hofu ya Papa Ramazani niliielewa. Kwetu habari ya msiba haimwagwi. Inapelekwa. Wanakwenda wakubwa wawili watatu, wanakukuta, wanakukalisha, mwingine anasimama nyuma yako. Mtu hapewi msiba akiwa amesimama peke yake. Simu haijui hayo.

Mara ya pili ilipoita, nilikuwepo. Nikaipokea mwenyewe, nikasema "Saidi, subiri mama", nikatimua mbio kwenye korido kama mwizi.

Nilipofika mlangoni kwa shangazi, ilikuwa imekata. Niliona uso wake akiwa amenyoosha mkono kuipokea. Sitaki kuona uso ule tena.

Nikasema hapana, hili ni tatizo la ufundi, na ufundi una dawa. WiFi ifike chumbani. Ikifika, simu itakaa kwa mwenyewe, maneno yataisha.

Ndiyo nikaja huku kuwauliza, nanyi mkanijibu kwa umoja: repeater.

Repeater nikaipata hapa mjini. Nikaichomeka mwisho wa korido, karibu na mlango wa shangazi. Taa zikawaka, kijani tupu. Simu ikaonyesha vistari vyote. Nikatabasamu.

Nikafungua ukurasa. Kimya. Nikajaribu sauti ya WhatsApp. Inazunguka tu kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Somo la kwanza, na hili liandikeni: repeater haitengenezi intaneti. Inachukua ilichopata na kukirudia. Ikipata makombo inakugawia makombo, tena nusu. Vile vistari vinakuonyesha umekaa karibu na repeater, basi. Havikuambii kama repeater yenyewe imeshiba.

Nililaumu kuta za babu. Nikamsema babu wa watu kaburini.

Halafu nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulianza. Nikachukua simu, nikatembea kutoka saluni polepole, nikitazama nguvu ya mawimbi hatua kwa hatua. Mlango wa saluni, nzuri. Mwanzo wa korido, nzuri. Katikati, bado nzuri. Ukuta uleule mnene, mkuu, na inapita!

Kisha nikapita mahali fulani ikaanguka ghafla.

Nikarudi nyuma, ikapanda. Nikasogea, ikaanguka.

Nikainua macho. Mbele yangu yamesimama mabati.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Watu wa huku wakipata nafasi ya kukimbia na mzigo, hawabebi makochi. Wanapanda juu, wanang'oa mabati ya nyumba. Ukuta wa udongo utaujenga tena kwa mikono yako, lakini bati ni bati. Papa Ramazani alishuka kwenye boti na paa lake lote, limefungwa kamba. Tukaliegemeza koridoni, bati juu ya bati, kuanzia katikati hadi karibu na mlango wa shangazi, sakafuni mpaka karibu na dari.

Nilikuwa napita hapo kila siku. Siku ile ya mbio na simu mkononi, nilipita hapo.

Bati na WiFi ni mtu na mke mwenzake. Mawimbi yakikuta chuma yanarudi yalikotoka. Nyumba yangu ilikuwa na ukuta wa chuma ndani yake, na mimi namsema babu.

Nikaona nimemaliza kazi. Nikamwendea Papa Ramazani, nikamwambia kwa furaha: mabati yatoke nje, au bora zaidi, tuyapigilie pale uani, wanawake wapikie kivulini, mvua inawasumbua.

Mzee alikuwa anavunja kokwa ya kola, ile ya kutafuna. Akaiweka chini.

"Unajua bati ikipigwa musumari mara ya pili inakuwa namna gani?"

"Inaongezeka matobo kidogo, Papa."

"Ile si bati ya kivuli. Ile njo nyumba yangu. Imesimama pale inangoja. Siku nikiipandisha hapa Kalemie, nitakuwa nimesema sirudie tena kwetu."

"Basi tuiweke nje tu, tuifunike."

"Nje ni ya wezi na kutu. Mwanangu, nimeacha vyote. Niachie hiyo."

Nilikuwa na majibu ya kifundi mengi sana mdomoni. Yote niliyameza. Wakuu, kuna vitu huwezi kumwambia mtu asogeze.

Basi kama mabati hayasogei, intaneti ipite juu yao.

Hapo ndipo ikaja access point. Tofauti yake na repeater ni hii: repeater inasikiliza hewani, access point inapokea kwa waya. Unatoa kebo ya mtandao kwenye ruta, unaipitisha unakotaka, mwisho wake unafunga access point, nayo inatoa WiFi mpya palepale, nzima. Ukuta uwepo usiwepo, bati liwepo lisiwepo, kebo haijali.

Niliagiza Kigoma, kwa jamaa ninayechukua kwake vipuri. Ikaja na boti ya mzigo, katikati ya katoni za sabuni. Siku za kuisubiri zilikuwa ndefu. Simu ya marehemu iliita tena kabla haijafika, nikakimbilia rafuni, ikakata kabla sijaigusa. Shangazi hakuuliza. Alikuwa ameisikia kutoka kule.

Ilipofika nikapanda darini. Sitaeleza sana habari za popo na vumbi la huko. Nilivuta kebo kutoka juu ya saluni, nikafuata mbao za dari, nikapita juu ya mabati ya Papa Ramazani, nikashuka kona ya chumba cha shangazi.

Ya ufundi kwa haraka, kwa wanaotaka kujaribu:

Chukua kebo ya shaba tupu, usidanganyike na ile ya rangi ya shaba. Mimi nilichukua access point inayokula umeme kupitia kebo hiyohiyo, ile PoE, kwa hiyo inakunywa betri ya saluni na chumbani sikuhitaji soketi. Zima kazi ya kugawa anwani kwenye access point, ruta ibaki peke yake kugawa, la sivyo zitagombana kama wapishi wawili. Jina la WiFi na nywila fanya zilezile za saluni, simu itahama yenyewe. Ila chaneli weka tofauti.

Nikaifunga juu, mbali na kabati la chuma. Nilishapata adabu.

Nikapima nikiwa nimekaa mkekani pa shangazi. Ilikuwa sawa na saluni. Nilitamani kupiga kelele, nikakumbuka niko chumba cha eda.

Nikarudi saluni. Nikasimama mbele ya Papa Ramazani, sijui nianze vipi, maana sasa kisingizio cha network kilikuwa kimekufa na wote wawili tunajua.

Alinitazama. Akatazama rafu.

"Inafika kule?"

"Inafika, Papa."

Wale wanaume wengine wakajifanya wanatazama barabarani. Mzee akainuka, akaichukua simu ya mdogo wake, akaifuta kwa kanzu yake, kioo na mgongo.

"Peleka."

Basi.

Simu ikaita baada ya sala ya alasiri, siku ambayo sikuitegemea. Mimi nilikuwa chumbani namletea shangazi chaja. Namba ngeni.

Shangazi aliitazama ikiita. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akapokea, simu ikafungulia sauti ya nje, naye hakujua kuizima.

"Saidi."

"Mama?"

"Umekula?"

Wallahi, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Vita vyote hivi.

"Nimekula, mama. Niko kwa watu wazuri."

"Ikala chini." Yaani kaa.

"Nimeikala."

"Uko na muntu karibu? Hii simu ni ya nani?"

"Ya mama moja wa hapa."

"Mupe."

Tukasikia simu inahama mkono. Sauti ya mwanamke, ngeni kabisa, ikasalimia. Shangazi alijikaza, sauti haikutetemeka.

"Mama, mimi njo mama wa huyu mutoto. Niko mbali, siwezi kumufikia. Niko na habari ya kumuambia. Naomba ukae karibu naye. Mushike mutoto wangu."

Yule mama hakuuliza habari gani. Alisema tu, "Ndiyo, mama. Niko naye. Namushika."

Simu ikarudi kwa Saidi.

"Saidi. Baba yako ametutoka. Tulimuzika hapa Kalemie, kando ya watu wetu. Hakuteswa. Alikutaja."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nilingoja kilio.

Hakikuja. Ilikuja sauti ndogo sana.

"Najua, mama."

Shangazi akafunga macho.

"Nilisikia njiani. Watu wa boti walisema. Nilikuwa napiga hapa kila mara, nangoja muntu wa kwetu aniambie. Hakuna aliniambia. Nikasema kama nyumbani hawajasema, bado sina msiba. Nikakatala kulia."

Kisha akalia.

Kijana mzima, wakuu. Alilia kama aliyetua mzigo alioubeba kilomita nyingi. Nyuma yake tulimsikia yule mama wa watu akimwambia pole, pole, lia, niko hapa. Shangazi aliiweka simu kifuani, juu ya shuka jeupe, na yeye akalia naye. Walilia pamoja mpaka wakamaliza, na network haikukata hata mara moja.

Mimi nilitoka. Nililia koridoni, nikiwa nimeegemea mabati, nalisema wazi.

Saluni walikuwa wamesikia. Papa Ramazani alikuwa amesimama mwanzo wa korido, pale mwisho wa mipaka yake. Hakuuliza Saidi yuko wapi, wala kama anakuja.

"Alikuwa peke yake?" akaniuliza.

"Hapana, Papa. Kuna mama moja alimushika. Shangazi njo alimuomba."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. "Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi."

Jioni hiyo majirani walikuja na chai na sukari. Tukakaa upya matanga ya mtu tuliyekwisha kumzika, kwa sababu mwanawe ndiyo kwanza alikuwa amefiwa.

Nilichojifunza kwa upande wa WiFi: kabla hujanunua chochote, tembea na simu mkononi ujue mawimbi yanafia wapi. Chuma ni adui kuliko ukuta. Na kama unaweza kupitisha waya, achana na repeater.

Somo la upande mwingine ni gumu zaidi kuliandika. Mimi na Papa Ramazani tulikesha tukibishana kichwani kama Saidi aambiwe au afichwe. Tulimlinda asijue jambo alilolijua, na kumbe kimya chetu ndicho kilichomwacha peke yake nalo. Shangazi, aliyefungiwa mwisho wa korido bila network, ndiye peke yake aliyejua nini cha kufanya: tafuta wa kumshika, halafu sema.

Mpaka naandika hapa Saidi hajafika Kalemie. Anapiga akipata. Betri ikipungua nazima taa, nazima TV ya wageni wangu na wananuna, ila kile kidude cha kona ya chumba cha mwisho hakizimwi.

Wenye maswali ya kebo na mipangilio, niulizeni, nitajibu nikiwa na chaji. Wenye njia bora kuliko yangu, semeni, sikasiriki sana.

Na wewe uliyewahi kupewa msiba kwa simu ukiwa mbali na kwenu, naomba uniambie jambo moja tu: nani alikushika?